Ziwa Tanganyika: Sheria Moja kwa Nchi Nne

Tarehe 15 Mei, 2024, taa za wavuvi zilizimwa katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania. Kwa wakazi wa Kigoma, Kirando, Kipili na Kasanga jambo hilo halikuwa dogo. Katika usiku wa giza taa hizo huonekana juu ya maji kama mji unaoelea, na kila taa ina maana ya chakula cha kesho, ada ya shule na deni litakalolipwa. Amri ilikuwa kwamba pasiwe na uvuvi ziwani mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikwisha kuchukua hatua kama hiyo mwaka uliotangulia, 2023, kwa tarehe hizo hizo. Hatua zote hizo zilitokana na makubaliano ambayo mawaziri wa nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, waliyatia sahihi mwezi Desemba, 2021.

Kwamba samaki wa Ziwa Tanganyika wanahitaji kupumzishwa si jambo la kubishaniwa sana. Wavuvi wenyewe ndio wa kwanza kusema kwamba safari zimekuwa ndefu na mavuno yamekuwa haba. Jambo linalostahili kuzungumzwa kwa makini ni lingine: sheria ya namna hii hutungwa vipi, hutungwa na nani, na mtu anayetakiwa kuitii alikuwa wapi ilipokuwa ikitungwa. Nchi nne zimeanza safari ya kuoanisha sheria zao za mazingira na uvuvi. Safari hiyo ni njema. Lakini itafika mwisho wake mwema iwapo tu wale wanaoishi kwa maji ya ziwa hilo watakuwa wasafiri, wala si mizigo.

Yafaa kwanza ziwa lenyewe lifahamike. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673, na kina chake kinafika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal peke yake, lililoko Urusi, linaloshinda kina hicho. Kongo inamiliki karibu asilimia 45 ya ziwa, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia 8 na Zambia asilimia 6. Watu zaidi ya milioni 10 wanaishi katika bonde lake. Kitoweo chao kikuu ni dagaa, ambao huko Burundi huitwa ndagala na huko Zambia huitwa kapenta, pamoja na migebuka wanaoishi kwa kuwala dagaa hao. Majina ni tofauti, samaki ni mmoja. Dagaa hupanda juu usiku kutafuta chakula, hushuka kilindini mchana, na huhama kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine bila kuuliza mpaka uko wapi. Dagaa aliyezaliwa karibu na Kalemie aweza kuvuliwa na mtu wa Kigoma, na yule aliyekulia Kasanga aweza kuishia katika soko la Mpulungu.

Sasa, samaki huyo mmoja ana sheria nne. Tanzania ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Zambia ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2011. Burundi ilitunga sheria yake ya uvuvi na ufugaji wa samaki mwaka 2016. Ama huko Kongo, amri iliyotolewa na Wabelgiji mwaka 1937 kuhusu uwindaji na uvuvi iliendelea kutegemewa kwa miongo mingi baada ya uhuru. Isitoshe, sheria hizo zina asili mbalimbali. Burundi na Kongo zimerithi mfumo wa Kibelgiji. Tanzania na Zambia zimerithi mfumo wa Kiingereza. Hivyo wanasheria wa nchi hizo wanapokaa meza moja, hata neno lililo jepesi kama vile "amri" au "kanuni" huwa na uzito tofauti kwa kila mmoja. Faini nazo hutajwa kwa shilingi, kwa kwacha na kwa faranga za aina mbili, na faini iliyo kali upande mmoja yaweza kuwa nyepesi upande wa pili.

Madhara ya hali hiyo yalionekana waziwazi mwaka 2023. Burundi na Kongo zilipofunga uvuvi, upande wa Tanzania uvuvi uliendelea. Mvuvi wa Rumonge aliyekaa pwani akiutazama mtumbwi wake uliopinduliwa mchangani, aliweza kujua kwamba mwenzake wa ng'ambo anaendelea kuvua samaki wale wale ambao yeye amekatazwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kulaumiwa sana akijiuliza kama amri ile ilikuwa ya kulinda samaki au ya kumpa jirani samaki wake. Tanzania ilipofunga upande wake mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya manung'uniko hayo ilipoteza msingi. Hiyo ndiyo faida ya kuoanisha sheria: huondoa kisingizio, na huondoa pia uonevu.

Kuoanisha sheria hakukuanza na makubaliano ya mwaka 2021. Katika miaka ya 1990 nchi hizo nne zilishirikiana katika mradi wa kuhifadhi viumbe wa ziwa hilo, na katika mradi huo ndimo ulimoanza kuandikwa mkataba wa pamoja. Mkataba huo, unaohusu usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, ulitiwa sahihi mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni, 2003. Kutokana nao ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako Bujumbura. Chombo hicho kilihitajika sana, kwa kuwa jumuiya nyingine kubwa za eneo hili hazikuweza kulifunika ziwa lote. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Burundi haimo katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Mkataba wa ziwa ukazikutanisha nchi zote nne chini ya paa moja.

Aidha, mkataba huo haukuwasahau wananchi. Umezitaka serikali kuhakikisha kwamba wakazi wa kandokando ya ziwa wanashiriki katika maamuzi yanayohusu maisha yao. Sheria za nchi moja moja nazo zinasema hivyo hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 ina sehemu nzima inayohusu ushirikishwaji wa wananchi. Zambia ina masharti kama hayo katika sheria yake ya mazingira ya mwaka 2011. Kongo, katika sheria yake ya tarehe 9 Julai, 2011 kuhusu misingi ya kulinda mazingira, imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya misingi hiyo. Burundi nayo inayo Kanuni ya Mazingira, iliyorekebishwa mwaka 2021. Kwa hiyo hakuna nchi hata moja kati ya hizo nne inayoweza kusema kwamba kumwuliza mvuvi ni hisani. Ni wajibu uliokwisha kuandikwa.

Tatizo liko katika maana ya neno lenyewe. Mara nyingi panaposemwa kwamba wananchi wameshirikishwa, kilichofanyika hasa ni kuwaelimisha. Maofisa hufika mwaloni na gari lenye kipaza sauti, hueleza uamuzi uliokwisha kufanywa, hutaja adhabu, hujibu maswali mawili matatu, kisha huondoka. Kuelimisha ni jambo la lazima na halina ubaya wowote. Lakini kuelimisha huja baada ya sheria, na kushirikisha huja kabla yake. Anayeelimishwa huambiwa kilichoamuliwa. Anayeshirikishwa huulizwa kinachofaa kuamuliwa, na neno lake laweza kubadili tarehe, kipimo au kifungu. Pale ambapo hakuna neno la mwananchi lililoweza kubadili chochote, ushirikishwaji haukuwapo, hata kama mahudhurio yalikuwa makubwa na picha zilipigwa.

Yako mambo ambayo mwandishi wa sheria aliye mjini hawezi kuyajua asipoyasikia kwa wenyewe. Mfano mmoja ni mbalamwezi. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa, na taa haina nguvu mwezi unapong'aa. Kwa sababu hiyo, tangu zamani wavuvi wa pande zote za ziwa wamekuwa wakipumzika siku kadhaa za kila mwezi, usiku unapokuwa mweupe. Siku hizo hushona nyavu, huziba mitumbwi na kukaa na jamaa zao. Watu wa ziwa basi si wageni wa wazo la kuliacha ziwa lipumzike. Kalenda yao imejengwa juu ya wazo hilo. Sheria inayoanzia hapo humkuta mtu mahali anapopaelewa. Sheria inayopita juu ya desturi hiyo humfanya aone kwamba anafundishwa na mgeni kazi aliyoirithi kwa babu yake.

Mfano wa pili ni mahali. Wavuvi wazee wanajua ni ghuba zipi dagaa wachanga hukusanyika karibu na pwani, na ni makokoro ya nani yanayowakokota kabla hawajakua. Wanajua pia vyandarua vya mbu vilianza kutumiwa lini katika kijiji fulani na kwa sababu gani. Wataalamu wa samaki wana vipimo na vitabu, na elimu yao haina mbadala. Lakini mtaalamu hufika ghubani mara chache kwa mwaka, na mvuvi yuko hapo kila siku. Elimu hizo mbili zikiwekwa pamoja wakati sheria inaandikwa, sheria itajua ni wapi pa kufungwa mwaka mzima na ni wapi pa kufungwa kwa muda.

Mfano wa tatu unawahusu wanawake. Katika mialo ya Kibirizi, Rumonge, Uvira na Mpulungu, kazi ya kuanika, kukaanga na kuuza dagaa iko mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa. Mama huyo hana mtumbwi, hana leseni ya uvuvi, wala jina lake haliko katika daftari la wavuvi. Mkutano wa wavuvi unapoitwa, yeye haitwi. Hata hivyo ziwa linapofungwa yeye ndiye anayekaa na vichanja vitupu, na mara nyingi ndiye anayedaiwa fedha alizokopa ili anunue mzigo. Miezi mitatu kwake ni siku 92 za kulisha watoto. Kama angekuwapo mezani, huenda asingekataa ziwa lifungwe. Angeuliza tu kama tarehe zingeweza kutangazwa mapema kiasi cha kutosha, kama mkopo wake ungeweza kusubiri, na kama kuna shughuli nyingine ya kumshikiza. Maswali hayo ni ya sheria, wala si ya huruma. Waswahili walikwisha kusema kwamba asiyekuwepo na lake halipo.

Wako watu wanaosema kwamba mvuvi akiulizwa, jibu lake litakuwa moja tu: ziwa lisifungwe. Wasiwasi huo hauna budi kujibiwa, kwa maana una sehemu ya ukweli. Mwenye njaa ya leo huona mbali kwa shida. Lakini yafaa ijiulizwe sheria isiyoulizwa hulindwa na nani. Ziwa lenye urefu wa kilomita 673 haliwezi kulindwa na boti chache za doria, hasa usiku. Upande wa Kongo, katika sehemu za Uvira na Fizi, vita vya miaka mingi vimeifanya hata kazi ya kawaida ya serikali kuwa ngumu. Hapo mlinzi wa kweli wa sheria ni kijiji chenyewe: mvuvi anayemkataza jirani yake kushusha nyavu kwa sababu wote wawili walikubaliana. Mahali ambapo hapakuwa na makubaliano, doria ikipita upande huu, mitumbwi huingia majini upande ule. Serikali zinapomwuliza mvuvi, basi, hazimwachii uamuzi. Zinatafuta askari ambao haziwezi kuwaajiri.

Zambia inaweza kutoa fundisho katika jambo hili. Nchi hiyo imekuwa na desturi ya kusimamisha uvuvi katika mito na maziwa yake mengi kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari kila mwaka. Mtu wa huko anajua tarehe hizo kama anavyojua majira ya kupanda. Desturi hiyo inaonyesha kwamba kufunga uvuvi kunaweza kuwa sehemu ya maisha, iwapo tarehe hazibadiliki ovyo na kila mtu anazifahamu mapema. Nchi zilizoanza mwaka 2023 na 2024 zinaweza kufika huko, lakini haziwezi kufika kwa amri inayomshangaza mtu.

Tena liko jambo la haki. Kupungua kwa samaki hakukuletwa na mvuvi mdogo peke yake. Meli za uvuvi zenye nyavu za kuzungushia zilianza kazi Bujumbura katika miaka ya 1950, kisha zikaenea mpaka Mpulungu, nazo zilivua kwa nguvu ambayo mtumbwi haukuwa nayo. Milima inayolizunguka ziwa imekatwa miti, na mvua huteremsha udongo unaofunika mawe ambayo samaki wengi huzalia. Maji machafu ya miji huingia ziwani. Zaidi ya hayo, utafiti wa wanasayansi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba joto la dunia linapunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, na hivyo kupunguza chakula cha samaki. Mvuvi anayaona baadhi ya mambo hayo kwa macho yake. Akiona kwamba katika wote waliolidhuru ziwa ni yeye tu aliyefungiwa mlango, atasema sheria haina uso wa haki. Kwa hiyo meza ya kutungia sheria za ziwa haina budi kuwa ndefu. Mkulima wa mlimani awepo, mwenye kiwanda awepo, halmashauri ya mji iwepo, na kila mmoja aondoke na wajibu wake ulioandikwa.

Lugha nayo ni mlango. Hati za ushirikiano wa nchi hizi huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Lugha hizo zinawafaa mawaziri na wanasheria, lakini dagaa hauzwi kwa Kifaransa, wala wavu haushonwi kwa Kiingereza. Kutoka Kigoma hadi Kalemie, kutoka Uvira hadi mitaa ya Bujumbura, watu huuza, hununua, hukopeshana na husuluhishana kwa Kiswahili. Pale kisipotosha, ziko lugha za wenyeji, kama Kirundi, Kiha, Kibembe, Kifipa na Kibemba. Mswada wa kanuni za ziwa ukitangulia kufika mwaloni kwa lugha hizo, ukasomwa kwa sauti, ukajadiliwa, na maoni yakapelekwa Bujumbura yakiwa yameandikwa, gharama yake itakuwa ndogo kuliko ya doria ya mwezi mmoja. Bahati ya kuwa na lugha inayovuka ziwa si bahati ya kila eneo la mpakani. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa lugha hiyo itatumika kwa biashara na isitumike kwa sheria.

Pasidhaniwe hata hivyo kwamba kuoanisha maana yake ni kuandika maneno yale yale katika nchi zote nne. Kuna mambo ambayo lazima yalingane: tarehe za kufunga na kufungua, zana zilizopigwa marufuku, ukubwa wa matundu ya nyavu, na uzito wa adhabu. Hayo yasipolingana, mhalifu atahamia pale penye nafuu. Lakini namna ya kuyatekeleza yaweza kufuata desturi na vyombo vya kila nchi. Tanzania ina vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi katika mialo yake. Kwingine kazi hiyo yaweza kufanywa na machifu, na kwingine na vyama vya wavuvi. Lengo liwe moja, na mikono iwe mingi.

Jambo la mwisho ni kurudi kwa waliotoa jasho. Ziwa lilipofunguliwa, kila kijiji kilikuwa na haki ya kujua matokeo. Je, samaki waliongezeka? Waliongezeka wapi, na kwa kiasi gani? Hesabu hizo zikibaki katika ofisi za Bujumbura, Dodoma, Kinshasa na Lusaka, mvuvi atakuwa ametoa sadaka bila kuona baraka yake. Zikisomwa mwaloni, hata pale zitakapokuwa si nzuri, zitamfanya aone kwamba kazi hii ni yake, na kwamba kosa likionekana laweza kusahihishwa kabla ya kufungwa tena. Sheria njema ya mazingira hurudiwa na kurekebishwa kwa kadiri watu wanavyojifunza, na watu hawawezi kujifunza kutokana na hesabu ambazo hawajaonyeshwa.

Serikali za Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zimekwisha kufanya jambo gumu, ambalo mataifa mengi yenye maji ya pamoja hayajaliweza: zimekubaliana. Mawaziri wanne wametia sahihi zao. Sahihi zinazobaki ni zile ambazo haziandikwi kwa wino, za watu wa Rumonge, Baraka, Kirando na Mpulungu, ambao kila jioni huamua ama kuusukuma mtumbwi majini au kuuacha mchangani. Sheria ya Ziwa Tanganyika itakuwa moja siku ambayo watu hao, kila mmoja katika pwani yake, wataitaja kwa kusema kwamba ni sheria waliyoitunga wao.